Mama Bado na Sala Aliyokataa Kuifunga

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na jamaa, majirani zetu wa nyumba za reli, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia imenipa mimi kitindamimba kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, si kwa kuwa nasoma vizuri kuliko wenzangu, bali kwa kuwa kaka yetu mkubwa hawezi kumtaja mama bila kulia, na dada yetu akishika kipaza sauti tutazika kesho. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Bado, na wengine mmelitumia jina hilo miaka yote bila kujua lilikotoka, kwa hiyo leo mtajua.

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1930, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya misheni, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa seremala wa misheni na mke wake. Babu yetu huyo ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, yale ya mbele ya wageni waliotoka ng'ambo yakiwa na egemeo, na yale ya nyuma ya watu wetu yakiwa hayana, na mama alipokuwa mdogo alimuuliza baba yake kama watu wa nyuma hawana mgongo, naye babu akamwambia anyamaze amletee randa. Randa aliileta, lakini kunyamaza, ndugu zangu, hakukuwa katika kipaji chake.

Alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1939 hadi Novemba 1944, alipomaliza darasa la sita, ambalo kwa wasichana wa wakati ule ndilo lilikuwa dari, na huko alifundishwa kusoma, kuhesabu, kudarizi na kuomba. Kuomba kulifundishwa kwa rula. Mchungaji mgeni, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa misheni, alikuwa na kanuni moja isiyo na msamaha, kwamba sala ikishaanza hakuna kufumbua jicho, hakuna kuvaa kofia, hakuna kunyanyua mguu mpaka isemwe Amina, na mtoto aliyechungulia alinyoosha kiganja. Miongoni mwa waliochapwa sana alikuwamo mvulana mmoja wa darasa la mbele yake, mwenye jicho lisilotulia, aliyekuja kuwa sajini wa polisi, na naomba mmkumbuke kwa kuwa tutakutana naye tena. Huko huko shuleni mama alisoma kitabu cha Kutoka, habari za Farao na matofali yake, akakirudia mpaka kurasa zikalegea, na uzeeni alikuwa akisema kwamba wageni walimpa Kutoka kwa mikono yao wenyewe, kisha wakashangaa alipotaka kutoka.

Tarehe 4 Februari 1946 aliajiriwa kuwa dobi wa misheni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu, ukiondoa muda mmoja ambao nitaueleza. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, sakafu ya saruji iliyoinama kuelekea mfereji, makarai matatu ya bati, la sabuni, la kusuuza na la bluu ya kung'arishia nguo nyeupe, na meza ndefu ya kupigia pasi, pasi za mkaa ambazo ukizizembea zinatema cheche juu ya kitani nyeupe. Humo alifua mashuka ya wagonjwa na kanzu za wanakwaya, na kila Jumamosi alifua vitambaa vya Meza ya Bwana. Siku hizo Meza ilikuwa moja lakini vikombe vilikuwa viwili, kimoja cha wageni na kimoja chetu, kila kimoja na kitambaa chake cha kufutia, na vitambaa vyote viwili viliishia katika karai lake. Alitusimulia kwamba doa la divai la kitambaa cha wageni lilitoka kwa chumvi na maji baridi, na la kitambaa chetu lilitoka kwa chumvi na maji baridi, na kwamba siasa yake yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilianzia hapo penye karai.

Tarehe 17 Desemba 1949 alifunga ndoa na fundi breki wa karakana ya reli, marehemu baba yetu, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, ambaye siku ya kwanza kukaribishwa kwa wakwe alimsikia binti wa nyumba akiombea chakula mpaka chakula kikapoa, na akala hivyo hivyo baridi, na akarudi tena wiki iliyofuata. Baba alikuwa akisema kwamba alioa mke mmoja na sala moja, na kwamba vyote viwili havikuwahi kumpa nafasi ya kusema neno. Mungu aliwajalia watoto watatu, kaka yetu mwaka 1951, dada yetu mwaka 1953, na mimi tarehe 8 Juni 1960, nikiwa nimechelewa kwa sababu ambayo serikali ya wakati ule inaijua.

Sasa ndugu zangu, kufikia mwaka 1958 watu wa karakana ya reli walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, baba akiwa mmoja wa wajumbe, na chama hicho kilikuwa kimeacha kudai sabuni na mabuti, kilikuwa kinadai nchi. Serikali ya kikoloni iliwakamata viongozi wake wanne, ikapiga marufuku mikutano yote isiyo na kibali, na kibali kikiombwa kilikataliwa. Kilichobaki bila kibali kilikuwa ibada, kwa maana watawala wenyewe walikuwa watu wa kanisa, na sheria yao haikugusa sala. Wajumbe waliobaki waliamua kugoma, na walijua kwamba lazima watu waambiwe siku ya mgomo, na lazima waambiwe wote kwa pamoja na kwa utulivu, kwani kila mtaa ukiambiwa peke yake vijana wangetoka na mawe, na serikali ilikuwa inayasubiri hayo mawe kama fisi anavyosubiri mkono udondoke. Walikuna vichwa mpaka basi, ndipo baba akasema kwamba nyumbani kwake kuna mtu anayeweza kusema chochote kwa muda wowote, mradi amefumba macho.

Jumapili tarehe 14 Septemba 1958, alasiri, jua likiwa kali, watu walikusanyika katika uwanja wa karakana kwa ajili ya ibada, wakaimba wimbo mmoja, na mama yetu, akiwa na miaka ishirini na minane, akapanda juu ya kreti la vipuri na kusema tuombe. Wakati huohuo Bwana Mkubwa wa wilaya aliwasili na askari wake, akiongozana na yule sajini niliyewaomba mmkumbuke, ambaye sasa alikuwa pia mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya yetu. Walikuja kutawanya mkutano, wakakuta sala, na sala ilikuwa imeshaanza. Bwana Mkubwa alikuwa mwana wa mchungaji huko kwao, mkono wake ukavua kofia kabla kichwa hakijaamua, na sajini, ambaye kiganja chake hakikuwa kimesahau rula, akafumba macho yote mawili, na askari wakafanya kama sajini wao alivyofanya.

Mama alimshukuru Mungu kwa pumzi na kwa reli. Alimtajia wale wanne waliokamatwa, mmoja mmoja kwa kazi yake na idadi ya watoto wake, kana kwamba Mungu hakuwa na habari, akamwarifu kwamba siku ya Jumatano king'ora kitakapolia hakuna fundi atakayevuka lango, akamwomba awashike mikono vijana lisirushwe hata jiwe moja, kwa sababu Farao hakuzamishwa kwa mawe, akamjulisha ni nyumba zipi zitakosa unga na ni majirani gani watagawana nao. Kisha akamwombea Bwana Mkubwa. Mtoto wake alikuwa amelazwa na homa katika hospitali ya misheni, na mama ndiye aliyefua mashuka yake asubuhi na jioni, alijua jasho la yule mtoto, akamwomba Mungu amponye, akimtajia hata namba ya kitanda chake, na waliokuwa mbele walisema kwamba Bwana Mkubwa aliinamisha kichwa zaidi. Kaka yetu, aliyekuwa na miaka saba na ambaye hakuwahi kuchapwa rula ya kutosha, alichungulia na kuona hivyo.

Lakini sala ikaendelea, ikafika kwenye vikombe viwili, ikafika kwenye mabenchi, ikamwambia Mungu kwamba watu hawa wanataka kujitawala, na kwamba mtoto wa fundi asome kama mtoto wa Bwana Mkubwa, na kwamba asiwepo mtu atakayefungwa kwa neno lililotoka kinywani mwake, awe ni nani anayetawala. Hapo Bwana Mkubwa alivaa kofia, akamwamuru aseme Amina. Mama hakufumbua macho, alijibu neno moja tu, akisema, "Bado." Sajini aliamriwa kumkamata, na kwa kuwa Amina ilikuwa haijasemwa naye hakufumbua macho, akaenda akipapasa, akamshika mkono baba, na baba akamwambia kwa upole kwamba yeye ni mume tu, akichukuliwa yeye sala haitakoma. Mama alishushwa kwenye kreti na kutolewa uwanjani akiwa bado anaomba, na waliofuata nyuma ya gari wanasema sauti ilizidi kufifia lakini haikukatika.

Siku ya Jumatano king'ora kililia na hakuna aliyevuka lango, wala hakuna jiwe lililorushwa, wala siku ya pili, wala siku ya tatu, mpaka injini zikajaa vumbi na mizigo ikalundikana, na wale wanne wakaachiwa. Watu wa siasa wameandika kwamba mgomo ule ulikuwa nguzo ya uhuru wetu, na sisi hatubishani nao, ila tunaongeza kwamba nguzo hiyo ilichimbiwa kwa magoti.

Yeye mwenyewe hakuachiwa. Tarehe 20 Oktoba 1958 alisimamishwa kizimbani kwa kosa la kuhutubia mkutano bila kibali, na hakimu, mtu aliyeheshimu sheria yake, akasema kwamba kama ilikuwa sala hana kosa, na kama ilikuwa mkutano ana kosa, akamwita mchungaji mgeni aeleze. Mchungaji yule, aliyemfundisha mama kuomba, alishuhudia kwamba sala ina mwanzo na mwisho, na kwamba maneno yasiyofungwa kwa Amina ni maneno tu. Hakimu alimgeukia mama akamwambia kwamba basi aifunge sasa hivi, pale pale kizimbani, aseme neno hilo moja, naye ataihesabu kuwa sala na kumrudisha kwa watoto wake. Kaka na dada walikuwa wamekaa na baba kwenye benchi la mbele, wamevalishwa nguo za Jumapili. Mama aliwatazama, kisha akamwambia hakimu, "Amina maana yake na iwe hivyo, mheshimiwa, na haijawa hivyo. Siwezi kumdanganya Mungu ili nikupendeze wewe." Alifungwa miezi sita.

Hapa nasema lililo moyoni mwetu, kwa sababu kaka yetu amenipa ruhusa. Yeye alimkasirikia mama kwa neno lile, alilikasirikia kwa miaka mingi, maana mtoto wa miaka saba haelewi kwa nini mama mwenye maneno mengi kiasi kile ashindwe kuongeza moja. Alielewa siku alipokuwa mtu mzima na yeye akatakiwa kazini kutia sahihi jambo lisilo kweli, akajikuta anasema bado, na jioni ile alikuja nyumbani akaketi jikoni kwa mama, na mama akampa chai.

Alipotoka gerezani Aprili 1959 alikuta baraza la wazee limemtenga na Meza ya Bwana mpaka atakapoungama mbele ya kanisa kwamba ile haikuwa sala. Aliwajibu kwamba ataungama uongo wake wote, na anao, ila huo si mmoja wao. Kazini hata hivyo walimrudisha haraka, kwa sababu waliomshikia nafasi walikuwa wameunguza kitani mbili na kanzu ya mchungaji, na hivyo, ndugu zangu, kwa miaka kumi na miwili mama yetu alifua, akatia wanga na kupiga pasi kitambaa cha Meza ambayo hakuruhusiwa kuikaribia. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, lile lisilo na egemeo, mgongo ukiwa wima, akawaangalia wenzake wakienda mbele. Mimi nilizaliwa katika miaka hiyo na sikubatizwa, nikaitwa shuleni mtoto wa aliyetengwa, na nilipomwuliza mama kwa nini asihamie kanisa lingine, yako mengi, alisema kwamba Meza si ya mchungaji, na kwamba mtu hahami nyumba ya baba yake kwa sababu mpangaji ana kelele.

Katika miaka hiyo ndipo mafundi wa reli walipoanza kusalimiana kwa neno lake, mmoja akiuliza kama imeshafungwa, mwenzake akijibu bado, na jina likampata. Bendera ya kigeni ilipoteremshwa watu walimbeba mabegani, wakamwomba sasa aseme Amina, naye akalia kwa furaha, akacheza, akala, na kusema kwamba yaliyoombwa hayajatimia yote. Wengine walimwona mkaidi. Kisha Mei 1966 chama cha wafanyakazi kilinyimwa kibali cha mkutano, safari hii na mkuu wa wilaya aliyekuwa mwana wetu, ambaye siku ile ya kreti alikuwa karani kijana aliyefumba macho pamoja na wenzake, na alipofika uwanjani kuwatawanya watu alimkuta mama amesimama mbele. Mama alifumba macho akasema, "Bwana, kama nilivyokuwa nikisema." Mkuu wa wilaya akavua kofia, na mkutano ukafanyika.

Mwaka 1971 kanisa lilikuwa limeshakuwa na mchungaji wetu wenyewe na kikombe kimoja, na shauri la mama likaletwa tena barazani, na bado walikuwepo wazee waliotaka kwanza aifunge ile sala ndipo arudishwe. Ndipo alipoinuka yule sajini, wakati huo akiwa amestaafu na ni mzee wa kanisa, mtu ambaye katika baraza hakuwa msemaji, akasema maneno ambayo familia yetu imeyahifadhi kama urithi, "Mimi nilitumwa kuvunja mkutano, na nilifumba macho. Mtu hafumbi macho kwa ajili ya mkutano. Mimi ndiye niliyemkamata, na nawaambia ilikuwa sala." Jumapili ya Pasaka, tarehe 11 Aprili 1971, mama yetu alikwenda mbele kwenye Meza, iliyotandikwa kitambaa alichokifua mwenyewe jana yake, na siku hiyo hiyo mimi nilibatizwa, nikiwa mrefu kuliko wenzangu wote waliokuwa wanabatizwa, na aliyesimama kuwa baba yangu wa ubatizo alikuwa sajini.

Baba yetu alifariki tarehe 2 Agosti 1984. Mama alistaafu udobi mwaka 1990, akaendelea kuongoza akina mama wa kanisa, kuwafundisha wajukuu kuomba bila rula, na kuwachosha wachungaji wanne waliofuatana, ambao wawili wako hapa na nawaona wanatikisa vichwa. Hakuwa malaika, alikuwa na hasira, alikuwa hasahau, na shati lililopigwa pasi vibaya alilirudisha hata likiwa la mgeni wake.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2013 kwa shinikizo la damu, baadaye figo, akawa analazwa na kutoka, na tarehe 27 Januari 2016 alilazwa kwa mara ya mwisho katika hospitali ile ile ya misheni, wodi ambayo dirisha lake linaelekea chumba cha kufulia, ambako siku hizi kuna mashine. Jumatatu, siku moja kabla hajatutoka, muuguzi alimwombea vizuri na kwa ufupi, nami nikamnong'oneza mama kama sasa twaweza kuifunga ile ya zamani. Alicheka, nasema kweli alicheka, akaanza kuhesabu kwa vidole, nchi imepatikana, mtoto wa fundi amesoma, na alipofika kidole cha tatu, kile cha mtu kufungwa kwa neno lake, alikiacha kimesimama, hakukikunja. Akaniambia, "Hicho nawaachia. Amina mtasema ninyi." Alfajiri ya Jumanne tarehe 9 Februari 2016 aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, akiacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomtunza na kuvumilia ukaguzi wake wa mashuka, inawashukuru majirani wa nyumba za reli kwa turubai, maji na usiku wote mliokesha nasi, madobi wa hospitali waliomfulia na kumnyooshea nguo aliyovaa leo, na kwa kweli haina kunyanzi, chama cha wafanyakazi wa reli, akina mama wa kanisa, na watoto wa marehemu sajini waliosafiri kutwa nzima ili wawepo. Tunamshukuru pia mchungaji wetu, ambaye baada ya kubishana nasi kiungwana amekubali ombi la mwisho la mama, kwamba pale kaburini aombe sala yake yote, na akifika mwisho anyamaze, aiache wazi, na sisi tufumbue macho wenyewe, tuchukue makoleo, kisha twende nayo nyumbani na makazini kwetu, ikiwa haijafungwa.

Pumzika kwa amani, mama. Sisi, bado.